Dola 499, vipande kumi, siku 30: pasi ya treni ya Amtrak kwa mwalimu anayemaliza mkataba Marekani

Kama uko Marekani unafundisha kwa viza ya J-1 (ile ya mipango ya kubadilishana) na mkataba unaisha mwezi wa tano, soma hii kabla hujakubali kukatiwa ndege ya siku ya pili baada ya mitihani. Naongea hasa na walimu wenzangu wa Kiswahili maana tunakuja wengi kila mwaka, tunagawanywa kwenye vyuo vya katikati ya mashamba ya mahindi na soya, tunafundisha hujambo sijambo mwaka mzima wa masomo, halafu tunaondoka tukiwa tunajua chuo, duka la vyakula na sebule za Watanzania na Wakenya wa mji ule ule. Nchi yenyewe hatujaiona. Likizo ya Krismasi baridi inakata masikio, ile ya mwezi wa tatu ni wiki moja tu na mara nyingi una rundo la kusahihisha.

Mi nilikuwa Champaign, Illinois. Maksi za wanafunzi nikaingiza, nikaaga, na muda uliobaki nikauzungukia na treni za Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya huko, kwa ile pasi wanaita USA Rail Pass. Hii ndo review yake, na itakuwa ndefu kidogo kwa sababu review nyingi utakazokuta zimeandikwa na watu ambao wakichoka wanarudi kwao mji wa pili, sisi mahesabu yetu ni mengine, tuna viza yenye tarehe, tuna mabegi mawili makubwa, na tuna hela ambayo nyumbani inasubiriwa.

Kwanza ni kitu gani. Unalipa dola 499 mara moja, yani zaidi ya milioni moja na laki mbili za Tanzania (kuna vipindi wameshawahi kuishusha mpaka 299 so kama una muda fuatilia ofa), unapewa vipande kumi vya safari ndani ya siku 30, siti za daraja la kawaida. Ukipanda na kushuka ni kipande kimoja, haijalishi umekaa ndani saa moja au siku mbili. Akili yote ya hii pasi iko hapo. Ukigawa, kila kipande kinakugharimu kama dola hamsini. Sasa angalia: Chicago mpaka Emeryville, pale ng'ambo ya San Francisco, ni maili 2,438, karibu kilomita 3,900, na ni kipande kimoja. Chicago mpaka Milwaukee ni saa moja na nusu na nacho ni kipande kimoja, wakati tiketi yake ya kawaida haifiki hata hiyo hamsini. Kwa hiyo safari fupi nunua tiketi yake pembeni, pasi iachie safari za kulala njiani. Ukibadilisha treni unaanza kipande kingine, mfano New York kwenda Los Angeles ukipitia Chicago hivyo ni viwili. Mabasi ya kuunganisha ya Amtrak nayo ukiyapanda kwa pasi yanahesabiwa. Acela, ile ya haraka ya Boston mpaka Washington, haimo. Auto Train, ile inayobeba abiria na magari yao, haimo. Upande wa Canada haumo.

Na hapo kwenye Canada nisimame kidogo maana linatuhusu kuliko wanavyodhani watu. DS-2019 yako (ile karatasi ya J-1 yenye tarehe za mpango wako) ikifika tarehe ya mwisho unapewa siku 30 za kujiandaa kuondoka, na ndani ya hizo siku unaruhusiwa kuzunguka Marekani. Kufanya kazi hapana. Na ukitoka nje ya mpaka huwezi kurudi kwa J-1 ile, hata kama stika kwenye passport bado inaonyesha tarehe ya mbele. So Maple Leaf ya kwenda Toronto, Adirondack ya Montreal, zile Cascades zinazofika Vancouver, usivuke nazo mpaka. Ukitaka maporomoko ya Niagara yaone upande wa Marekani, inatosha kabisa. Kabla ya yote nenda ofisi ya wageni ya chuo uwaulize mambo matatu: tarehe halisi ya DS-2019, kama mpango wako una sharti la siku ya kuruka (mingine inayo), na bima ya afya inaisha lini, maana bima nyingi zinakufa siku ile ile karatasi inapokufa na kuzunguka nchi hii bila bima sikushauri hata kidogo, nunua ya muda mfupi.

Ila unaona ilivyokaa: siku 30 za viza, siku 30 za pasi. Kama mtu alikaa akatupangia.

Mzunguko wangu nauandika wote kwa sababu unameza vipande kumi bila kubakiza: Champaign–Memphis, Memphis–New Orleans, New Orleans–Washington, Washington–New York, New York–Chicago, hapo nusu. Halafu Chicago–Denver, Denver–Emeryville, Emeryville–Los Angeles, Los Angeles–Chicago, na Chicago–Champaign kufuata mabegi. Washington–New York ni safari fupi kweli lakini tiketi yake ukinunua dakika za mwisho inaweza kuvuka dola mia, kwa hiyo pale kipande kinajilipa. Na hicho cha mwisho cha Champaign ni kifupi pia, ila kilishabaki, ukitaka kukitumia vizuri zaidi gawa Los Angeles–Chicago ulale Albuquerque halafu Champaign urudi kwa tiketi ya kawaida.

Mabegi makubwa niliyaacha kwa dada mmoja Mkenya pale Champaign, Mungu ambariki, nikaondoka na begi la mgongoni na kabegi kadogo. Sheria yenyewe ni ya kistaarabu sana: mabegi mawili ya kuingia nayo ndani, kila moja mpaka kilo 23, plus kimkoba, na kwenye stesheni zenye huduma ya mizigo unakabidhi mengine mawili bure. Ukilinganisha na ndege za ndani ambazo nyingi zinakuchaji kuanzia begi la kwanza, hii peke yake inaokoa hela nzuri. Angalia tu kwenye apu kama stesheni yako inapokea mizigo, si zote.

Siti sasa. Hizi treni za masafa marefu za upande wa magharibi ni za ghorofa, siti ziko juu, ni pana, zinalala nyuma na zina kitu kinachonyanyuka cha kuwekea miguu, nafasi ya magoti ni kubwa mno kuliko basi au ndege yoyote niliyowahi kupanda. Ukiingia kondakta anakuuliza unashukia wapi, anaandika kikaratasi anakichomeka juu ya kichwa chako, herufi tatu: MEM, NOL, DEN, EMY. Hicho kikaratasi ukihama siti hama nacho, maana usiku wa manane mhudumu anapita na tochi yake taratibu, anasoma vikaratasi, anaamsha wale tu ambao stesheni yao inakaribia na wengine anawaacha walale. Treni ya Champaign kwenda kusini inapita usiku, unalala Illinois na kupambazuka uko Memphis unaguswa bega kwa upole na unaambiwa dakika kumi na tano zimebaki, ma'am. Nilipenda sana hilo. Ukiwa mwanamke unasafiri peke yako usiku, kujua kuna mtu anajua unashuka wapi ni kitu kikubwa.

Vya kubeba: kitenge kizito au kablanketi maana kiyoyozi usiku hakina huruma, soksi, kitambaa cha macho, chaja (soketi zipo kwenye siti), na power bank. Intaneti usiitegemee, treni nyingine haina na huko milimani simu yenyewe haishiki. Bafu kwa siti za kawaida hakuna, ni vyoo tu na sinki, wenye vyumba vya kulala ndo wana bafu. Kwa hiyo panga usiunganishe usiku mwingi, lala mjini uoge, ulale kitandani, kesho yake uendelee.

Memphis shuka. Nasisitiza. Stesheni iko umbali wa kutembea kwa mguu mpaka Lorraine Motel, pale alipouawa Martin Luther King Jr. tarehe 4 Aprili 1968, ambapo sasa ndo National Civil Rights Museum. Nilifundisha wanafunzi weusi wa Chicago waliochagua Kiswahili kwa sababu bibi zao walisherehekea Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani Weusi yenye maneno ya Kiswahili, tukawa tunaongea darasani kuhusu hizi historia zinavyogusana, lakini kusimama chini ya ile baraza ya ghorofa ya pili, na shada lililotundikwa pale pale mbele ya mlango, ni kitu kingine. Watu wazima wanaingia wanaongea, wakifika pale sauti zinakata zenyewe. Jipe nusu siku nzima, na ulale mji huo, kwa sababu treni ya kuendelea kusini inapita asubuhi mapema mara moja kwa siku.

New Orleans sitaandika sana, kila mtu ameandika. Ila kwa Mtanzania: nenda Congo Square, ndani ya Louis Armstrong Park, mahali ambapo watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Na kama umefika Jumatatu kula wali na maharage mekundu, ni desturi yao ya Jumatatu kabisa, na gumbo yao wengine wanaweka bamia. Baada ya miezi ya kula vitu vya oveni nilikaa pale nikaongeza sahani. Lawama ya mji huo ni moja tu na haihusu treni: nyumba ya wageni niliyofikia, jina naliacha, iliniongezea malipo mlangoni ambayo kwenye apu hayakuonekana mpaka ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo, ikapanda karibu theluthi nzima. Soma jumla ya mwisho kabisa kabla hujabonyeza.

Kutoka New Orleans kwenda Washington ni Crescent, zaidi ya masaa 24, na dakika za mwanzo ndo tamu, inavuka ziwa Pontchartrain juu ya daraja la karibu maili sita ambalo ni jembamba kiasi kwamba dirishani huoni daraja, unaona maji tu kushoto na kulia. Baada ya hapo ni misitu, Alabama, usiku Atlanta, usingizi. Treni za mashariki si za ghorofa kwa sababu mahandaki ya huko ni mafupi kimo, kwa hiyo usitegemee behewa la vioo la kutazamia nje, hilo nitalieleza kwenye Zephyr. Washington makumbusho ya Smithsonian ni bure, lile la historia ya Wamarekani Weusi lililofunguliwa 2016 ni bure pia ila unachukua nafasi ya saa maalum mtandaoni. Maryland pale jirani kumejaa ndugu zetu, nilipata ugali na dagaa na kitanda. New York nimeipita. Kutoka New York kwenda Chicago na Lake Shore Limited kaa upande wa kushoto, mto Hudson unaambatana na wewe mpaka karibu Albany.

Hapa nitoe tahadhari moja: reli za kaskazini karibu na mpaka wa Canada, maofisa wa Border Patrol wamekuwa na kawaida ya kupanda na kuuliza watu karatasi. Beba passport, DS-2019 iliyosainiwa, na printi ya I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini), weka kwenye begi dogo unalolala nalo. Ukiwa nazo huna cha kuhofia, unaonyesha na unaendelea na usingizi.

Sasa Zephyr. California Zephyr, Chicago mpaka Emeryville, ratiba ni kama masaa 52, na kama una hela na muda wa kufanya kitu kimoja tu kabla ya kurudi nyumbani, achana na vyote fanya hiki. Inatoka Chicago saa nane mchana, jioni inavuka Mississippi, usiku inameza Nebraska, asubuhi Denver. Mimi nilishuka Denver nikalala, kesho yake nikapanda ile ile ya asubuhi, na nashauri ufanye hivyo ili mchana wa milima ukukute umeoga na umelala vizuri, kwa sababu hutataka kufumba macho.

Ukishakaa siti, weka begi, nenda moja kwa moja behewa la vioo. Ni behewa zima la kukaa, siti zimegeukia dirisha, vioo vinapanda mpaka kwenye paa. Halihitaji malipo wala nafasi maalum, ila linajaa, so wahi. Kutoka Denver treni inaanza kupanda kwa kujizungusha, na kwenye kona moja kubwa utaona mabehewa ya zamani ya mizigo yamepangwa yamesimama tu, nilidhani yametelekezwa, kumbe yamejazwa mchanga makusudi yawe ukuta wa upepo, maana upepo wa pale una nguvu ya kuangusha treni. Halafu mahandaki mafupi mafupi, giza, mwanga, giza, mwanga, na kila ukitoka Denver iko chini zaidi. Kisha kondakta anatangaza Moffat Tunnel, anaomba kila mtu abaki kwenye behewa alilopo na milango ya kati isifunguliwe ili moshi wa injini usiingie. Handaki hilo ni la mwaka 1928, urefu kama kilomita kumi, liko juu zaidi ya mita 2,800 kutoka usawa wa bahari. Dakika kama kumi za giza tupu. Watu waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza, mtoto mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti, na tulipotoka upande wa pili ilikuwa kama nchi nyingine, barafu bado imelala chini ya misonobari na ni mwezi wa tano mwishoni, maji yanaelekea magharibi badala ya mashariki. Mwalimu wa jiografia shule ya msingi alituchorea ubaoni kigawa maji cha bara, nimekiona sasa kwa macho yangu.

Mbele kidogo ya hapo unaanza kufuata mto Colorado kwa zaidi ya maili 200. Unaanza ni kijito cha kuruka, ng'ombe wamesimama ndani, mpaka jioni ni mto wa matope mpana umekata mawe mekundu marefu kuliko jengo lolote la Posta Dar. Kuna sehemu za hapo hakuna barabara, hakuna nyumba, njia ni reli tu na maji. Watu wa mitumbwi ya mpira wanapita chini na wana mila yao ya siku nyingi, treni ikipita wanasimama wanashusha kaptula na kuonyesha makalio, behewa zima linacheka, mabibi wenye mvi ndo wanapunga mkono zaidi. Mpakani mwa Utah imechorwa alama kwenye ukuta wa jabali, Utah huku Colorado huku. Halafu jua linazama na usiku unapita jangwa.

Asubuhi ya pili Nevada, kisha Reno, kisha Sierra Nevada. Hii njia ya kuvuka ile milima ilichongwa miaka ya 1860 na vibarua maelfu kutoka China, kwa nyundo na baruti, mpaka reli ya mashariki na magharibi zikakutana Utah tarehe 10 Mei 1869. Mimi ni mtu wa Makambako, nimekua nikisikia honi ya TAZARA, na wazee wa kwetu wanasimulia Wachina waliokuja miaka ya 1970 kujenga na kuna waliozikwa hukuhuku. Nilikaa pale dirishani nikawafikiria wote, wa huku na wa kwetu. Reli inapita tu, watu tunapiga picha, na kila mita ya lile jabali kuna mtu aliitolea jasho au maisha.

Ukifika Emeryville hujafika San Francisco, treni haivuki ghuba. Kuna kibasi cha bure cha mji wa Emeryville kinakupeleka stesheni ya MacArthur ya BART, treni za mjini za huko, unavuka kwa hela kidogo na kipande chako cha pasi hukigusi.

Coast Starlight kwenda Los Angeles ni safari ya mchana mzima, kaa upande wa kulia, baada ya San Luis Obispo bahari ya Pasifiki inakuja mpaka chini ya dirisha na inakaa hapo masaa. Nzuri sana, ila ukishatoka kwenye Zephyr utaiangalia kwa utulivu zaidi. Los Angeles niliijia stesheni yake ya 1939 na chakula cha Meksiko, sikuwa na haja nyingine.

Southwest Chief kurudi Chicago ndo ilinipa watu. Kwenye behewa la vioo alikaa karibu yangu mzee wa Kiamishi na mkewe, wale Wakristo wanaoishi bila magari, nguo za kushona wenyewe, kofia ya majani, na kwa kuwa ndege hawapandi basi treni hizi utawakuta wengi. Wenyewe kwa wenyewe wanaongea lugha yao ya Kijerumani. Aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akauliza kwetu wanalima nini, nikasema mahindi, viazi, sasa hivi parachichi. Akaniuliza tunalima na nini. Nikamwambia baba alilima kwa maksai. Aisee yule mzee aligeuka na siti yake yote. Tuliongea maksai dhidi ya farasi kutoka Albuquerque karibu mpaka mpaka wa Colorado: mnawafundisha wakiwa na umri gani, nira mnatengeneza kwa mti gani, wakizeeka mnafanyaje. Mkewe akatoa mkate wa nyumbani na siagi, mimi nikatoa karanga za kukaanga. Mwaka mzima chuoni watu waliniuliza kuhusu simba. Huyu aliniuliza kuhusu nira, na nikajibu swali baada ya swali kwa sababu ni kitu nakijua.

Mapungufu, maana review bila hayo si review. Treni za masafa marefu huchelewa, na si siri, sababu yake inajulikana: nje ya ukanda wa Boston mpaka Washington reli nyingi si za Amtrak, ni za kampuni za mizigo kama BNSF na Union Pacific. Sheria inasema abiria wapewe kipaumbele, lakini treni ya mizigo yenye urefu wa maili mbili haitoshi kwenye njia ya kupishana, kwa hiyo abiria ndo anasubiri. Na spidi yenyewe, sehemu nyingi ukomo ni maili 79 kwa saa, kama kilomita 127, wakati SGR yetu ya Dar–Dodoma ni 160. Mtu mwenye haraka hii si yake. Kwa hiyo usiweke ndege ya kurudi Tanzania siku ile ile unayotegemea kufika na treni, acha angalau siku mbili tatu, na kwenye J-1 hizo siku zihesabu ndani ya zile 30.

Chakula: kafe ya treni ni vitu vya kupasha, burger, hot dog, chipsi za paketi, na bei ni za treni. Ule mgahawa wa kukaa mezani kimsingi ni wa wenye vyumba, kwa siti za kawaida inategemea treni na unalipia. Lakini kubeba chakula chako inaruhusiwa, na hapo Mswahili anashinda. Chapati zinakaa siku mbili bila shida, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, chupa ya chai. Beba cha kutosha na cha kumgawia jirani.

Kingine, pasi si tiketi. Ukishainunua bado unaweka nafasi kila kipande kwenye apu, na siti walizotenga kwa wenye pasi kwenye kila treni si nyingi. Kiangazi zinaisha mapema. Na kuna treni hazitembei kila siku, Sunset Limited ya New Orleans–Los Angeles na Cardinal ya New York–Chicago ni mara tatu tu kwa wiki, ukiziweka kwenye mpango bila kuangalia kalenda mzunguko wote unaanguka.

Nani asinunue: mwenye wiki moja, mwenye watoto wadogo wasiolala wakikaa, mwenye mgongo mbovu, na anayetaka miji tu, huyo achukue mabasi na ndege za bei chee. Mwalimu aliyemaliza, ana wiki tatu mbele yake na anataka kuiona nchi aliyoifundishia, nunua. Naipa nne kati ya tano, moja naikata kwa sababu ya ratiba na kafe. Ukishalipa anza na Denver–Emeryville, tafuta siku yenye siti ya pasi na uifunge hapo hapo, halafu funga Emeryville–Los Angeles, ndo uje ujaze zilizobaki mbele na nyuma.